Oud Satin Mood, Oud for Greatness au Interlude Man? Nimenunua bila kunusa, nibaki nayo au nibadilishe

Asumini_Mkunazini

Assalaam alaykum wapenzi wa manukato. Nataka ulinganisho wa watu walonusa kweli, si walosoma kwenye maboksi. Nimeagiza Oud Satin Mood ya Maison Francis Kurkdjian, chupa ya mililita 70, kaka yangu alikuwa anapita Dubai akanijia nayo. Sikuwahi kuinusa, niliichagua kwa sababu imeandikwa ina waridi la Bulgaria na la Uturuki, vayoleti, vanila, benzoini ya Siam na udi wa Laos, na mie kwa waridi na udi hunitoi, ndo manukato nilokulia nayo.

Sasa nilipopuliza mkononi nilopata ni utamu na poda, mzito khasa, unajaza chumba mpaka ukumbini, lakini udi nautafuta siuoni. Udi ninaoujua mie ni wa kwenye chetezo, ule mama anaofukiza Alkhamis magharibi, kanzu na mashuka yakanukia mpaka wiki inayofuata. Baada ya saa kadhaa ikageuka kabisa, poda ikashuka ukabaki utamu wenye mti kwa mbali, hapo nikaipenda, halafu ikapotea, halafu nikaisikia tena wakati navua nguo. Yaani bado siifahamu.

Mtoto wa ami yangu yupo Maskati, ana Oud for Greatness ya Initio, keshaifungua lakini ipo karibu yote, na yuko tayari tubadilishane. Mume wangu yeye ananambia kama kubadilisha bora tutafute Interlude Man ya Amouage tuitumie wote wawili. Matumizi yangu ni nyumbani jioni, harusi za wanawake na sikukuu, nje sitoki na manukato. Nibaki na yangu, nichukue ya Initio, au niuze nitafute Amouage? Na kama nabaki, mtu anaizoea vipi pafyumu ya bei hii ambayo hakuichagua kwa pua yake?

Binti_ChakeChake

Wa alaykum salaam bibie, hongera kwanza, umechagua kitu kizuri. Mie ninayo hiyo Oud for Greatness na nimenusa Satin Mood kwa shoga yangu, kwa hiyo nakujibu kwa zote mbili. Usibadilishe kwa kudhani kule utaupata udi wa chetezo, maana nako haupo. Oud for Greatness inaanza na zafarani na kungumanga, lavenda kidogo, halafu inakuja hiyo harufu ya udi iliyokauka, kavu kabisa, haina tone la sukari, chini pachuli na miski. Ina ukali fulani kama wa chuma, wapo wanaoupenda na wapo unaowaumiza kichwa. Inatembea mno, mie nikipuliza mara moja shingoni watu wa chumba cha pili wanajua.

Kwako wewe unayependa waridi, kule hakuna waridi. Hilo tu linatosha kukuzuia.

KanzuNyeupe

Mume wako anajua anachosema, lakini kuna jambo la kumwambia kabla hajatoa pesa. Interlude Man naivaa mie, imetoka 2012, aliyeitunga ni Pierre Negrin, na mtu akikuuzia kwa jina la udi basi hakuijua. Udi umo lakini umekaa nyuma. Mwanzo wake ni oregano na viungo vikali mpaka unaweza kudhani umeingia jikoni, halafu ubani mwingi sana na ambari, mwisho ngozi na moshi. Ule moshi ndo unaokaribia nyumba zetu. Kama unatafuta ile hisia ya nyumba iliyofukizwa, katika hizi tatu ni hii, ila ni ubani zaidi kuliko udi.

Tatizo la hapa kwetu ni hali ya hewa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua la saa saba na unyevu huu wa pwani, ile kitu inakukaba na waliokaa nawe kwenye daladala pia inawakaba. Mie naivaa kipupwe tu, Juni mpaka Agosti, na usiku wa maulidi. Mpulizo mmoja kifuani chini ya kanzu, basi.

Mpemba_wa_Wete

Yakhe pesa zote hizo mnapeleka Ufaransa kutafuta udi ilhali udi tunao. Nenda Darajani chukua robo tola ya haludi, yaani mafuta ya udi, ya Kambodia, tola nzima ni gramu 11.66 yaani kama mililita 12 hivi, robo yake itakutosha miezi, unagusa kwa kijiti tu nyuma ya sikio na kwenye kiganja. Haina spiriti, na huo ni udi wenyewe. Halafu unafukiza juu yake na umemaliza kazi. Hizo za chupa nzuri unalipia chupa.

Haludi_na_Ambari

Naomba niingie kidogo maana humu yamechanganyika mambo matatu, na mtu asipoyatenga ataidhulumu kila pafyumu atakayoinunua.

Udi ni mti wa Aquilaria, wa Assam, Kambodia, Laos, Malaysia, Indonesia na kwengineko huko Asia. Mti mzima hauna harufu ya maana. Unapojeruhiwa ukaingia ukungu, wenyewe unatoa utomvu mweusi wa kujikinga, na ule mti uliojaa utomvu ndo udi. Ukikatwa vipande ukawekwa juu ya makaa unapata moshi, hiyo ndo harufu ya mama yako. Ukirowekwa kwenye maji kwa muda kisha ukachemshwa na mvuke wake ukakusanywa unapata mafuta, hiyo ndo haludi. Sasa moshi na mafuta havinukii sawa hata vikitoka kwenye kipande kimoja, kwa sababu makaa yanaunguza na kugeuza vitu ambavyo mvuke unavitoa vikiwa salama. Haludi ya Kihindi, ya Assam, mtu akiinusa mara ya mwanzo anasema zizi la ng'ombe na ngozi mbichi, sababu moja kubwa ni huko kurowekwa kwa muda mrefu. Ya Kambodia ina utamu wa matunda. Za Borneo zina ubaridi wa majani. Na udi wetu wa Unguja wa kufukiza mara nyingi si kipande kitupu, umepikwa kwa sukari, umetiwa sandali, mawardi, miski, kila nyumba na mkono wake. Kwa hiyo hata huo "udi wenyewe" tunaoupimia ni mchanganyiko wa manukato.

Jambo la tatu ni udi wa pafyumu za Ufaransa. Huo kwa sehemu kubwa unajengwa. Watungaji wanachukua harufu za miti zilizotengenezwa maabara, ndago, zafarani, pachuli, ngozi, pengine na tone la haludi ya kweli, wanaunda sura ya udi ambayo itakaa kwenye spiriti na itanukia vile vile kila chupa. Kule hamu hii si ya zamani sana, M7 ya Yves Saint Laurent imetoka 2002 ndo inatajwa kuwa iliufungulia mlango, Tom Ford akaja na Oud Wood 2007, baada ya hapo kila nyumba ikawa na udi wake. Yeye Kurkdjian alitoa Oud yake 2012 na Satin Mood 2015. Huo si udanganyifu, ni fani nyengine, na mtu aipime kama fani nyengine.

Kwa hiyo dada Asumini, Satin Mood usiivae huku unautafuta moshi, utakuwa unaumia kila siku. Hiyo ni pafyumu ya waridi na vanila ambayo udi kazi yake ni kuizuia isiwe halua tupu. Ukiondoa udi ndani yake utaona imelegea. Udi wake usiutafute mwanzoni, utafute saa ya nne au ya tano tangu upulize, kwenye nguo zaidi kuliko kwenye ngozi.

Na hilo la kupotea na kurudi lina sababu, pua yako haina tatizo. Harufu ya vayoleti inatokana na kitu kinaitwa ayononi, na hicho kina tabia ya kuichosha pua haraka, unakisikia, kinakatika, ukipumzika kidogo kinarudi. Tena katika watu wapo ambao kwa maumbile yao hiyo ayononi wanaisikia kidogo sana au kama kitu chengine kabisa. Ndo maana wawili wakanusa chupa moja, mmoja akasema poda na mwengine akasema maua. Na miski nayo hivyo hivyo, kuna watu miski fulani hawaisikii kabisa.

Asumini_Mkunazini

Mashallah ami Haludi, umenifungua macho. Kumbe ile kwenda na kurudi ni vayoleti! Mie nilishaanza kudhani chupa ni feki.

Mpemba wangu nimekusikia, haludi ninayo nyumbani ya Kambodia nilopewa na bibi, siiachi. Lakini siitaki hii iwe badala ya ile, nataka niwe nazo zote mbili. Ile haludi nikiipaka harusini kila mtu ananukia hivyo hivyo.

Sasa nifundisheni namna ya kuizoea.

DukaLaTola

Mie nauza mafuta na pafyumu mjini, huwa nawaambia wateja hivi na bado nawaambia. Anza siku ambayo hujafukiza nyumba. Hilo ndo la kwanza na ndo watu wengi wanalikosa huku kwetu, nguo zina udi, shela lina udi, nywele zina mafuta ya asumini, mwili una liwa, halafu unapuliza kitu cha laki kadhaa juu yake unasema siisikii. Utaisikia wapi. Oga kwa sabuni isiyo na harufu kali, usipake losheni yenye manukato, puliza mara moja tu kwenye kiwiko kwa ndani na mara moja kwenye kitambaa cha pamba safi kilichofuliwa na kukauka vizuri. Usiusuguesugue mkono, unaipandisha joto bure na ule mwanzo wake unaruka mapema. Halafu endelea na kazi zako. Nusa baada ya robo saa, nusa ukishasali adhuhuri, nusa jioni, nusa kitambaa asubuhi yake. Usikae umeganda pua mkononi, pua ikishakaa na harufu moja inaacha kukuletea habari.

Na wale wanaonusa kahawa katikati, hewa ya nje tu inatosha, kahawa haina la ziada. Toka barazani uvute pumzi urudi.

Jengine, mpulizo mmoja ni kama mililita 0.1, chupa yako ya 70 ina mipulizo mia saba hivi. Huna haja ya kuionea uchungu mpulizo mmoja wa kujifunzia. Kuna wateja wangu wananunua kitu ghali wanakificha kabatini wanasubiri harusi, harusi ikifika wanapuliza sana kwa sababu hawajui nguvu yake, wanatoka wanaumwa kichwa wanaichukia. Ijue kwanza ukiwa kwako.

Binti_ChakeChake

Naongezea hapo hapo, ijaribu na feni tu bila kiyoyozi halafu siku nyengine ndani ya kiyoyozi. Satin Mood ya shoga yangu ndani ya ukumbi wenye baridi ilikuwa tulivu, nzuri, waridi linatoka taratibu. Tulipotoka uani kwenye joto ikafumka vanila tupu. Ni vitu viwili mbali mbali. Kwa harusi zetu hizi za kwenye ukumbi wa kisasa wenye baridi inafaa sana, kwa harusi ya uwanjani na maturubai wakati wa joto puliza nusu ya unavyotaka.

Mpemba_wa_Wete

Sawa nakubali kuwa ni kitu chengine. Lakini swali langu bado lipo, kama udi wake umejengwa, kwa nini bei iwe kubwa kuliko haludi?

Haludi_na_Ambari

Si kubwa kuliko haludi nzuri bwana, linganisha kwa mililita. Haludi ya kweli isiyochanganywa, mti wa porini wa miaka mingi, bei yake kwa tola inaipita hiyo chupa mara kadhaa. Ile ya robo tola ya bei rahisi Darajani mara nyingi ni mafuta yaliyochanganywa, na si dhambi, inanukia vizuri na naitumia, lakini usiiweke kwenye mizani moja na udi safi halafu useme Wafaransa wanatuibia. Miti ya porini imekatwa sana mpaka ikawekwa chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Aquilaria malaccensis tangu 1995 na jamii yake yote tangu 2005, kwa hiyo biashara yake kuvuka mipaka inataka vibali. Kwa abiria na mzigo wake binafsi kanuni yao inaachia kilo 1 ya vipande na mililita 24 za mafuta, yaani tola mbili hivi, ingawa kuna nchi zinakaza zaidi ya hapo. Wanaoleta kutoka Maskati na Dubai walijue hilo.

Kwenye pafyumu ya chupa unalipia mtungaji, waridi la kweli ambalo nalo ni ghali, jina, na duka la Paris. Kama hayo hayakugusi, basi haludi yako ndo sahihi kwako, na sitokubishia.

KanzuNyeupe

Mie la bei siliwezi, nilotaka kusema ni kuhusu kuiacha ikae. Pafyumu ikishapulizwa mara chache za mwanzo, hewa inaingia, ukaiacha kabatini wiki kadhaa, inakuwa nzito zaidi. Interlude yangu ilikuwa hivyo, mwanzo nilipoifungua ilikuwa na ukali unaochoma pua, baada ya kuiacha ikatulia. Dada Asumini aiweke kwanza asiamue haraka.

DukaLaTola

Hapo mie na wewe tunapishana kidogo. Kiwandani huwa inaachwa ikomae ndo inachujwa na kutiwa chupani, ikikufikia imeshakuwa. Ninavyoona mie kinachobadilika zaidi ni wewe. Mara ya mwanzo pua inapambana na kitu kigeni, inashika lile kali tu, ukirudi tena na tena inaanza kupambanua. Lakini matokeo ni yale yale, usiamue haraka, hapo tupo pamoja. Sitaki tu mtu aiweke kabatini akisubiri chupa ijirekebishe yenyewe, aivae.

Ila kabati lenyewe liwe mahali pa giza na pa baridi. Dirishani na chooni msiweke, jua letu hili linaua harufu ya waridi na ya machungwa ya mwanzo kwanza kabisa.

Ukhti_Michenzani

Samahani nauliza pembeni, hizi zenye spiriti mnazivaa kwenye sala?

Haludi_na_Ambari

Maulamaa wana kauli tofauti, muulize shekhe unayemwamini ufuate. Mwenye wasiwasi haludi ipo, haina spiriti, na nguo iliyofukizwa ipo.

Asumini_Mkunazini

Nimerudi na habari. Nimefanya kama alivyosema DukaLaTola, nikaacha kufukiza siku hizo mpaka mama akaniuliza kulikoni nyumba haina harufu. Nikapuliza kwenye kiwiko na kwenye kipande cha kanga ya zamani iliyofuliwa.

Kwenye ngozi yangu mwanzo bado ni poda na utamu, lakini sasa nalisikia waridi ndani yake, halikai juu, lipo kama limefunikwa na kitu kizito, na ukivuta polepole linatoka. Vayoleti nimeijua sasa, ikikatika sishtuki. Kwenye ngozi ile ya mwisho inakuwa vanila na kitu kama nta, nzuri lakini si udi. Ila kwenye kanga, ami Haludi, asubuhi yake, hapo ndo nimekubali. Pale palipopulizwa pana harufu ya mti mkavu, chungu kidogo, na waridi limekauka pembeni yake, utamu umeshuka wote. Nimempa mama anuse bila kumwambia ni nini, akasema hii nguo ilifukizwa na udi gani huu. Mama yangu! Mtu ambaye udi anaujua kwa kipande na kwa nyumba.

Kwa hiyo sibadilishi. Oud for Greatness namwachia ndugu yangu, ilhali haina waridi hainifai, ahsante Binti kwa kunambia wazi.

Nimejaribu na jambo jengine, nimefukiza kwanza shela kwa udi wa mama, nikaliacha usiku moshi ukatulia, asubuhi nikapuliza Satin Mood mara moja kwa mbali. Hiyo imekuwa kitu ambacho sijawahi kuvaa. Moshi unaichukua ile poda unaipa uzito, na waridi linakaa juu. Lakini nilipofanya kinyume chake, kupuliza kwanza kisha kufukiza, moshi ulimeza kila kitu.

Binti_ChakeChake

Hiyo ndo tamu yake! Na mie Oud for Greatness navaa hivyo hivyo, lakini yangu haitaki udi uliopikwa na sukari nyingi, inataka kipande kitupu, maana yenyewe kavu na ikikutana na sukari zinagombana. Yako kwa vile ina vanila inakubali ule wa sukari. Kwa hiyo mwenye nyumba yenye udi mtamu achague ya waridi, mwenye kufukiza vipande vitupu au ubani achague ya Initio au Interlude.

KanzuNyeupe

Hilo la kuchagua kwa kuangalia udi wa nyumbani kwako sijawahi kulisikia na ni kweli. Kwetu tunachoma ubani zaidi, na Interlude haijawahi kunigombeza.

Mpemba_wa_Wete

Sasa hapa mmenipata. Dada Asumini hiyo ya shela lililofukizwa kwanza mie nimeifanya na haludi miaka yote lakini sikuwahi kufikiria kutia pafyumu ya spreyi juu. Moto umezimwa kabisa kabla hujapuliza lakini, sivyo? Isijekuwa watu wanapuliza spiriti karibu na chetezo chenye makaa.

Asumini_Mkunazini

Chetezo kimeshatolewa nje zamani, shela limelala usiku mzima kwenye kamba. Tena nashukuru umelisema, maana nyumba zetu ndogo na chetezo kinakuwa karibu na kitanda. Spiriti inashika moto, asipulize mtu makaa yakiwa ndani.

DukaLaTola

Na msipulizie hariri nyeupe wala shela la rangi ya maziwa kwa karibu. Satin Mood ina rangi yake na vanila inaacha doa la njano. Pulizeni upande wa ndani wa nguo au kwenye pamba ya chini, mkono uwe mbali.

Kabla sijasahau, uliuliza pale juu kama ni feki. Nisingekujibu bila kuiona, lakini kuna jambo la kuangalia: je, imeandikwa Extrait, yaani ile iliyokolea zaidi, au la? Satin Mood ipo ya kawaida na ipo ya Extrait, na hazifanani, watu wengi wanasoma maoni ya moja wananunua nyengine, kisha wanasema wameuziwa feki. Angalia pia namba iliyopigwa chini ya chupa ilingane na ya kwenye boksi, na ile spreyi itoe ukungu mwembamba, si matone.

Asumini_Mkunazini

Ya kwangu ni ya kawaida, na namba zinalingana, alhamdulillah. Maoni nilosoma mie mengi kumbe yalikuwa ya Extrait, sasa ndo naona kwa nini walisema mwanzo wake hauna poda nyingi.

Lililobaki ni la mume wangu. Ile Interlude nataka ainuse kwanza kabla hatujanunua chupa nzima, na huku mjini sijaona pa kuinusa. KanzuNyeupe, upo Unguja?

KanzuNyeupe

Nipo Mwanakwerekwe. Nitakumiminia mililita 2 bila ya pesa, mwambie mumeo aje Jumamosi asubuhi sokoni anipigie, atumie ndani wiki mbili tatu, siku za joto na siku za mvua, ndo mwende mkaagize. Na ukenda kununua usisahau kuwa Amouage wenyewe ni wa Oman, nyumba imeanzishwa 1983, kiwanda kipo Maskati na wageni wanaingia kutembea, kwa hiyo ndugu yako wa kule anaweza kuwanusia na zile nyengine zao papo hapo. Aje na kichupa cha kioo chenye spreyi, kilooshwa kikakauka kabisa, cha plastiki asilete.